Fundi wa Mwanjelwa Anayepima Kabla ya Kubadilisha

Mwezi Juni mwaka jana simu yangu ilianza kuzimika kila asubuhi nilipokuwa nafungua steshenari yangu hapa Uyole, jijini Mbeya, ilhali kioo kilikuwa bado kinaonyesha asilimia 30 ya chaji. Fundi wa kwanza niliyempelekea, ambaye sitamtaja, aliifungua kabla hajaniuliza swali lolote, akasema kuwa sistimu chaji, yaani sehemu ya simu inayopokea chaji, imekufa, akaibadilisha kwa shilingi 25,000, na asubuhi iliyofuata simu ikazimika vilevile. Ndipo jirani yangu anayeuza vifaa vya umeme aliponielekeza kwa fundi mwingine, kijana mwenye chumba kidogo nyuma ya maduka ya Mwanjelwa, na tangu siku hiyo nimempelekea kazi nne kwa muda wa miezi tisa. Naandika tathmini hii kwa sababu fedha za watu wengi wa mji huu zinapotea kwa vipuri ambavyo havikuhitajika, na kwa sababu mengi aliyonionyesha fundi huyu yanaweza kufanywa na mtu yeyote nyumbani kwake kabla hajapanda bajaji kwenda kutafuta msaada.

Chumba chenyewe hakina bango kubwa. Kina meza moja iliyotandikwa mpira, taa yenye lenzi ya kukuzia, mita ya kupimia umeme, mashine ya hewa moto, na sahani ndogo zenye sumaku, ambazo kila moja hubeba skrubu za simu moja tu, ili skrubu ndefu isije ikaingizwa mahali pa skrubu fupi na kutoboa ubao wa saketi. Mteja anapoketi, fundi hagusi kifaa mpaka ameuliza maswali matatu: tatizo lilianza lini, linatokea saa ngapi, na kama kifaa kimewahi kuanguka au kulowa. Nilipomjibu kwamba yangu inazimika asubuhi tu na kwamba mchana inafanya kazi vizuri, hakuifungua siku ile. Aliniambia, "Dada, rudi nayo kesho saa moja asubuhi, niione ikiwa kwenye baridi yake."

Nilirudi nikiwa nimeishika mkononi njia nzima kama alivyoagiza. Alifungua mfuniko wa nyuma, akagusisha ncha za mita kwenye betri, nami nikasoma mwenyewe namba 3.8, ambayo kwa simu iliyotulia ni volti za kawaida. Kisha akawasha tochi na kamera kwa pamoja. Namba ile ilishuka mbele ya macho yangu hadi 3.5, ikafika 3.3, na simu ikazima. Hakusema neno, aliurudisha mfuniko, akaniambia niiweke simu ndani ya koti, upande wa kifuani, huku akiendelea na kazi ya mtu mwingine. Baada ya robo saa niliiwasha, ikawaka ikiwa na asilimia 28, na haikuzimika tena asubuhi ile.

Maelezo yake niliyaelewa kwa sababu nilikuwa nimeyaona. Betri ya lithiamu inafanya kazi kwa mwendo wa kemikali ndani yake, na baridi inaupunguza mwendo huo pamoja na kuongeza ukinzani wa ndani wa betri, hivyo simu inapodai umeme mwingi kwa ghafla, kama vile wakati wa kupiga picha au kupokea simu, volti zinaporomoka na simu inajizima ili kujilinda, hata kama chaji bado ipo. Betri mpya huvumilia hali hiyo. Betri iliyochoka haivumilii. Jiji letu liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kila mkazi wa Uyole anaijua asubuhi ya Juni na Julai ilivyo. Watengenezaji wakubwa wanapendekeza simu itumike kati ya nyuzi joto 0 na 35, na kwa wenzetu wa Makete na wa uwanda wa Kitulo, ambako baridi hufikia kuleta umande unaoganda, kuna jambo moja zaidi la kuzingatia: kuichaji betri iliyo chini ya nyuzi 0 kunaiharibu moja kwa moja, kwa kuwa lithiamu hujipaka juu ya sehemu inayopaswa kuipokea na hairudi tena kufanya kazi. Iache kwanza ipate joto la chumba. Lakini joto hilo lisitoke kwenye jiko la mkaa wala kwenye chupa ya maji ya moto, kwa sababu joto kali linaichosha betri kwa haraka kuliko baridi yenyewe. Mfuko wa ndani wa koti unatosha.

Nilibadilishiwa betri kwa shilingi 38,000. Kabla ya kufanya hivyo alinionyesha kuwa mtu anaweza kujua hali ya betri yake bila fundi, kwa kuingia kwenye mipangilio na kutafuta sehemu ya afya ya betri, ambayo iPhone na baadhi ya simu za Android zinayo. Kwa kipimo cha Apple, betri ya iPhone 14 na za kabla yake imeundwa ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na kuanzia iPhone 15 mara 1,000, kwa hiyo simu iliyotumika miaka mitatu kwa kuchajiwa kila siku inakuwa imefikia au kupita mpaka huo. Mfuniko wa nyuma ukianza kunyanyuka au kioo kikijitenga na fremu, betri imevimba, na hapo simu isichajiwe tena, isibonyezwe, wala isitobolewe kwa sababu yoyote. Ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo.

Kazi ya pili haikuwa kazi, na hiyo ndiyo iliyonifanya nimwamini kabisa. Simu ya mume wangu ilikuwa haichaji mpaka waya ushikiliwe kwa kidole. Nilishajiandaa kulipia sistimu chaji nyingine. Fundi alichomeka kwanza kipimo kidogo cha USB kati ya chaja na waya, tukaona ampea 0.3 tu zinapita. Akabadilisha waya, hali ikawa ileile. Akabadilisha chaja, ileile. Ndipo akaniita niangalie kwenye lenzi: ncha ya waya ilikuwa inabaki nje kwa unene wa ukucha hivi, haizami mpaka mwisho. Alizima simu, akachukua kijiti cha meno cha mbao, akakiingiza kwa upole pembeni mwa tundu na kukokota, na kilichotoka kilikuwa bonge la nyuzi za rangi ya kijivu lililoshindiliwa hadi kuwa gumu kama kipande cha sweta. Ndivyo lilivyokuwa hasa. Sisi watu wa nyanda za juu tunavaa sweta na makoti karibu mwaka mzima, simu inakaa mfukoni, nyuzi zinaingia kwenye tundu pamoja na vumbi la kiangazi, na kila tunapochomeka waya tunazishindilia zaidi. Alitoa mabonge mawili, akapuliza kwa kipulizio cha mpira, akachomeka waya uleule wa mwanzo, na kipimo kikaonyesha ampea 1.6. Hakuchukua fedha yoyote.

Kwa yeyote anayesoma hapa na simu yake inachaji kwa kubembelezwa, naomba afanye hivi kabla ya kwenda popote: azime simu, amulike tundu kwa tochi ya simu nyingine, atumie kijiti cha mbao au cha plastiki, asitumie pini wala sindano, kwa sababu chuma kinaweza kupinda meno ya ndani au kuyagusanisha. Asipulize kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina unyevu. Baada ya hapo ajaribu waya mwingine na chaja nyingine, kimoja baada ya kingine, ili ajue kosa liko wapi.

Siku nyingine, nikiwa nasubiri zamu yangu, aliingia mama mmoja wa makamo ameshika bakuli lililofunikwa kwa kanga. Ndani yake kulikuwa na simu iliyofukiwa kwenye mchele wa Kyela, wenye harufu nzuri kabisa, na ilikuwa humo tangu ilipotumbukia kwenye ndoo siku tatu kabla. Fundi aliamka, akasema, "Shikamoo, mama," akapokea bakuli kwa mikono miwili. Mama alisema, "Mwanangu, humo kuna picha za mjukuu wangu, simu yenyewe hata isipopona." Alipoifungua tuliona ukungu wa kijani kwenye kona ya ubao, karibu na tundu la chaji, na unga mweupe wa mchele ulioingia kwenye spika. Alimweleza kwa utaratibu kwamba mchele haufiki kwenye maji yaliyojificha chini ya chipu, na kwamba kinachoiua simu iliyolowa ni umeme kupita penye maji, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuizima na kuiacha imezimwa. Hata Apple, katika mwongozo wake kwa wateja, imewataka watu wasiiweke iPhone kwenye mfuko wa mchele, kwa maelezo kuwa chembe zake ndogo zinaweza kuiharibu.

Alichukua brashi laini na spiriti ya isopropili, akaosha ubao ule kwa karibu nusu saa, akaukausha, akaunganisha betri nyingine ya majaribio. Simu iliwaka bila sauti. Alihamishia picha zote kwenye memori kadi, akamshauri mama asiitegemee tena simu hiyo kwa kuwa kutu ikishaanza hurudi, na akamtoza shilingi 15,000. Laiti ingeletwa siku ileile ilipolowa, ikiwa imezimwa, laini na memori kadi zimetolewa, imefutwa kwa kitambaa na tundu lake limeelekezwa chini ili maji yadondoke, huenda ingepona yote. Kama simu haikuzama bali imepatwa na mvua kidogo, na kioo kinatoa onyo la unyevu kwenye tundu, hapo panahitajika subira tu: usichomeke chaja, iache mahali penye hewa, na onyo linaweza kuchukua hata siku nzima kuondoka.

Kazi ya tatu ilikuwa kompyuta mpakato ya steshenari, ambayo mwezi Novemba ilikuwa inachukua zaidi ya dakika sita kuwaka, wanafunzi wakiwa wamepanga foleni na kazi zao za kuchapa. Wengi walinishauri kununua nyingine. Fundi alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na kwenye dirisha lililofunguka akanionyesha safu ya diski, ambayo ilisimama kwenye asilimia 100 wakati kichakataji na memori vikiwa vimepumzika. Tatizo lilikuwa diski ya zamani ya kuzunguka. Aliweka SSD, yaani diski isiyozunguka, ya GB 256, akanakili kila kitu kama kilivyokuwa, akasafisha feni iliyojaa vumbi, na kwa shilingi 95,000 kompyuta ikaanza kuwaka chini ya nusu dakika. Vilevile alinieleza ukweli ambao sikuupenda: msaada wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yangu, ambayo kichakataji chake ni cha kizazi cha saba cha Intel, haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, ambayo inataka kizazi cha nane au zaidi pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Aliniandikisha kwenye mpango wa Microsoft wa kuongezewa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, akaniambia nianze kuweka akiba taratibu. Fundi mwingine angeweza kulazimisha Windows 11 iingie na kunitoza kwa kazi hiyo.

Kwa wenzangu wa steshenari, nilijifunza kwake pia namna ya kushughulikia flashi ambazo mafaili yake yote yamegeuka kuwa njia za mkato (shortcut). Mafaili hayajapotea, kirusi kimeyaficha. Usifungue njia ya mkato hata moja. Ichunguze flashi kwanza kwa programu ya kuzuia virusi iliyomo ndani ya Windows, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha herufi E kwa herufi ya flashi yenyewe, ubonyeze Enter na usubiri. Mwanafunzi mmoja alilia machozi ya furaha dukani kwangu aliporudishiwa ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo kwa njia hiyo.

Jambo ninaloliheshimu kuliko yote kwa fundi huyu ni jinsi anavyotunza siri za watu. Kabla ya kupokea simu humtaka mteja atoe laini na memori kadi abaki nazo, kwa sababu laini ndiyo inayobeba fedha zetu za M-Pesa, Airtel Money na nyinginezo, na hapokei namba ya siri ya huduma hizo hata mteja akijitolea kuitaja. Simu za Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo, ambayo ukiiwasha fundi anaweza kujaribu kioo, kamera na spika bila kuziona picha wala ujumbe wako, naye huwaonyesha wateja mahali ilipo. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini sheria haiwezi kukaa mezani pa kila fundi, kwa hiyo mteja naye ana wajibu wa kunakili mambo yake na kuyaondoa kabla ya kukabidhi kifaa. Mtu anayetaka kununua simu iliyotumika anaweza kumpelekea aikague kwa shilingi 5,000. Hubonyeza *#06# kupata IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, huituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kuona kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inaitambua, na humtaka muuzaji aondoe akaunti yake ya Google papo hapo.

Upungufu upo, na ni haki nao usemwe. Anafanya kazi peke yake, hivyo siku za Jumamosi mtu anaweza kusubiri saa tatu. Vipuri vingi anaviagiza Kariakoo vije kwa basi, na kioo cha simu ya dada yangu wa Mbalizi kilichukua siku tano badala ya mbili alizoahidi, bila yeye kupiga simu kutuarifu. Dhamana ya betri ni siku 30 lakini ya kioo ni siku saba tu, muda ambao naona hautoshi kwa kitu cha gharama kama hicho. Stakabadhi hatoi mpaka uiombe, na naamini angepaswa kuitoa kwa kila mteja bila kuombwa. Kuhusu vioo, hata hivyo, anasema wazi kipi ni halisi na kipi ni kopi, na humpa mteja nafasi ya kukijaribu kabla ya kulipa: shika picha ya programu moja kwa kidole na uiburute pole pole kwenye kila sehemu ya kioo, na ikiachia mahali fulani, hapo mguso umekufa. Kwa Samsung unabonyeza *#0*# na menyu ya majaribio inafunguka. Simu yenye alama ya kidole chini ya kioo ikiwekewa kopi ya LCD, alama hiyo haitafanya kazi tena, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kufurahia bei.

Kazi ya nne hakuiweza, nami simlaumu. Mume wangu hukimbia alfajiri, na saa yake janja ilikuwa ikionyesha mapigo ya moyo yasiyoeleweka. Hilo lilitatuliwa mapema, kwa kuikaza kamba na kuisogeza juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, kwa kuwa taa za kijani zilizo chini ya saa husoma damu inayopita kwenye ngozi, na ngozi ikiwa ya baridi damu hupungua karibu na uso wake. Apashe mwili joto kwanza, namba zitatulia. Ujumbe uliokuwa haufiki kwenye saa nao ulirudi baada ya kuitoa programu ya saa kwenye orodha ya zile ambazo simu huzizima ili kubana chaji. Lakini mwezi Februari kioo cha saa kilijaa ukungu kwa ndani na ikazima. Fundi aliuliza swali lake la tatu, na jibu likapatikana: kila akitoka kukimbia, mume wangu alikuwa anaoga nayo maji ya moto. Maandishi ya 5ATM nyuma ya saa yanahusu shinikizo la maji ya kawaida yaliyopimwa maabara. Mvuke na sabuni hulainisha gundi na mpira unaoziba, na mvuke ukishaingia hautoki. Alijaribu kuikausha kwa siku mbili, akatupigia kusema ubao umeharibika, akairudisha bila kutoza chochote. Sasa saa hiyo iko kabatini, na mume wangu anaendelea kukimbia kila saa kumi na moja alfajiri hadi Igawilo na kurudi, akihesabu umbali kwa simu aliyoiweka mfuko wa ndani wa koti.